Upana wa Mabega

Jumatano asubuhi vidole viwili viligoma:
cha mwisho, na jirani yake wa pete.
Nilikuwa maabara, nimeshika mkono wa mtoto wa miezi tisa,
natafuta mshipa. Mshipa wa mtoto hauonekani,
hupapaswa, kama kiberiti umeme ukikatika.
Nikapapasa. Nikagusa pamba tupu.
Nikamwita Trifoni anipokee, nikasingizia mafua.

Mafua hayakai vidoleni.
Nilijua ni ile Jumapili, Magu kwenda na kurudi,
nimeinamia usukani wa mtu mwingine,
mzungu mrefu aliyeuza baiskeli apate nauli ya kwao,
mikono nimeitanua kama ninayehamisha kabati.

Kwa Lushinge, Mabatini, hakuna kibao.
Fremu zinaning'inia, na harufu ya grisi inakupokea mlangoni.
Hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Alivuka kichochoro, akaazima futi kwa Bwire fundi cherehani,
akanipima begani, mfupa hadi mfupa.
"Thelathini na nane. Wako una arobaini na nne.
Hizo sita, Minza, unazilipia kila ukikanyaga pedeli,
na upepo wa Ziwa haukopeshi."

Bwire akachungulia: "Unamshonea nini?"
"Tundu la kupita kwenye upepo."

Akashusha sukani tatu kutoka darini.

Wa kwanza kaboni, mweusi,
bapa kama kisu cha kupasulia sangara.
Upepo ungeupita bila hata salamu.
Nikaweka kiganja: ukakata palepale panapouma.
Bei yake mishahara miwili.
Nikaurudisha taratibu, kama mtoto wa watu.

Wa pili duara, mnene, mpole, umezoea madebe.
"Huu utakulea," akasema,
"ila utafika wenzio wamesharudisha chupa za soda."

Wa tatu alumini, umekwaruzwa ubavuni.
Juu umelazwa, lakini ukingo umeviringwa,
kiganja kikatua kama mnandi juu ya jiwe.
Chini pembe zimefunguka nje kidogo,
pembe za ndama anayeanza ubishi.
Lushinge akayageuza masikio ya breki kwa ndani,
kidogo, kidogo tena.
"Fumba macho. Shika. Usinijibu haraka."

Nikafumba.
Nikasikia cherehani ya Bwire ikipanda pindo,
mama mmoja akikataa bei ya viazi,
halafu nikasikia kidole cha mwisho.
Kilikuwepo.

Nisiseme uongo: mkono ulirudi mara mbili kwenye kaboni.
Nina miaka arobaini na moja na bado napenda
kitu kinachotisha kikiwa kimeegeshwa tu.
Lushinge aliona, akajifanya anatafuta spana.

Laki moja na themanini.
Nusu leo, nusu mwisho wa mwezi,
na utepe azungushe mara mbili chini ya kiganja.
Alipomaliza alirudisha futi ya watu.

Jumapili, karibu na Nyanguge, upepo ukaja wa ubavu,
umebeba unyevu na harufu ya dagaa walioanikwa.
Nikashuka kwenye pembe, viwiko ndani,
nikapita kama mtu anayejua mlango wa kwao.
Vijana wa bodaboda walinipita wakipiga honi. Nikawaacha.
Kajura naye aliniacha, mita mia mbili kabla ya Magu,
yeye na kisu chake cha kaboni.
Nilimkuta kaketi kwenye kreti,
anakung'uta mikono kama aliyeshika siafu.
"Vipi?" nikamuuliza.
"Nimeshinda," akasema, na soda nikamfungulia mimi.

Jumatano nyingine. Mtoto mwingine, wa Ukerewe,
analia kwa pumzi yote, mama yake anautazama ukuta.
Kidole cha pete kikatangulia,
kikabonyeza, kikangoja,
kikasogea upana wa punje ya mtama.

Hapo.